Wimbo Mmoja, Watu Wawili

Ninapokwenda kuhudumu kwenye mitaa ya mbali, njiani husikiliza albamu ya nyimbo za filamu iitwayo Les Misérables. Wapo wanaoshangaa kumkuta mchungaji na muziki usiotoka kwenye kitabu cha ibada. Huwaambia kwamba humo nimelisikia somo la Sheria na Injili nililofundishwa chuo cha theolojia, safari hii likiimbwa.

Hadithi yenyewe ni riwaya ya Victor Hugo wa Ufaransa, iliyotoka mwaka 1862. Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil waliifanya mchezo wa jukwaani wa nyimbo, ukaonyeshwa Paris mwaka 1980 na London mwaka 1985. Filamu ilitoka mwaka 2012. Kwa kawaida waigizaji wa filamu za namna hii hurekodi nyimbo studio kwanza, kisha hufuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Hawa waliimba papo hapo wakiigiza, wakisikia piano kwenye kifaa kidogo sikioni. Okestra iliongezwa baadaye, ikawafuata wao. Ndiyo maana katika albamu hii unasikia pumzi, kilio na sauti inayokatika, kama unamsikia mtu akiomba chumbani peke yake.

Jean Valjean amefungwa miaka 19 kwa sababu ya mkate aliouiba na majaribio yake ya kutoroka. Anatoka akiwa na uchungu na kila mtu. Askofu anamkaribisha, naye usiku anaiba vyombo vya fedha. Anapokamatwa na kurudishwa, askofu anasema alimpa mwenyewe, tena anamwongezea vinara viwili vya fedha. Anayeimba sehemu ya askofu ni Colm Wilkinson, ambaye mwaka 1985 ndiye aliyekuwa Valjean kule London. Aliyevipokea vinara zamani, sasa anamkabidhi Hugh Jackman. Nami hukumbuka kwamba hata sisi watumishi hatuna cha kutoa ila tulichopewa.

Kisha Valjean, akiwa peke yake, anaimba jinsi wema ule ulivyomvuruga. Ishike tuni hiyo. Mbele sana, inspekta Javert, aliyemwinda miaka mingi, anaangukia mikononi mwa Valjean, na Valjean anamwacha hai. Javert naye anaimba jinsi alivyovurugwa, na tuni ni ile ile. Valjean alivunjika akaanza maisha mapya. Javert hawezi kuishi akiwa na deni la wema kwa mhalifu, anajitupa mtoni Seine.

Javert si mla rushwa wala mlevi. Ni mtu wa kazi, mwaminifu, anayemwogopa Mungu kwa namna yake. Shida ni kwamba amemjua Mungu kama mtunza daftari, na katika daftari lake hakuna mahali pa kuandika zawadi.

Katika usharika mmoja niliohudumu, alirudi mtu aliyemaliza kifungo cha wizi. Alitubu, akapokelewa kundini, akaanza kushiriki Chakula cha Bwana. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye duka lake ndilo lililokuwa limevunjwa, aliacha kuja madhabahuni. Ibadani alikuja, sadaka alitoa, ahadi yake alimaliza mapema kuliko wote. Lakini wakati wa kupiga magoti alibaki kwenye benchi. Nilimtembelea. Alinikaribisha vizuri, tukanywa chai, kisha akaniuliza, "Mchungaji, sasa mimi niliyeshika amri miaka yote hii nimepata nini?" Nilimsomea Luka 15, juu ya yule kaka mkubwa aliyekataa kuingia kwenye karamu. Alisikiliza, akanishukuru, akanisindikiza hadi barabarani. Nilipohamishwa kutoka usharika ule, alikuwa bado anabaki kwenye benchi.

Nasema hili kwa sababu mahubiri yetu mengi humtafuta mwana mpotevu, na ni sawa. Lakini tuni ile inanikumbusha kwamba neema humgonga pia mtu mwema, na pengine humuuma zaidi. Mwizi anajua hana kitu mkononi. Mwenye haki lazima kwanza auachilie mzigo alioubeba kwa heshima miaka mingi. Bwana Yesu hakutuambia kama kaka mkubwa aliingia. Alituambia tu kwamba baba alitoka nje, akamsihi.

Mpendwa msomaji, Jumapili utakapopiga magoti madhabahuni, usichague wa kupiga naye magoti. Na kama mwenzako amebaki kwenye benchi, usimhukumu haraka. Mwombee, umtembelee, ukanywe naye chai. Baba bado yuko nje anasihi.