Kichanja cha Vyombo Njiani Masaka

Ukitoka Kampala kuelekea Masaka, ukiisha kuvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, utaona nyuma ya nyumba nyingi kichanja cha miti, ambacho Waganda hukiita akatandaalo. Mama mwenyeji wangu aliosha sahani kwa sabuni, akazisuuza kwa maji safi, kisha akazipanga kifudifudi juu yake zikauke juani, mbali na kuku na mbwa.

Nilitahayari. Kwangu, katika nyumba za serikali, tambara moja lilifuta vikombe, meza na hata mikono. Na mwaka ule mwanangu alikuwa ameharisha mara mbili. Niliporudi nilikata miti, nikasimamisha kichanja changu. Jua halina bei, wenzangu, tulitumie.