Dodoma kwa Mtu wa Endagikot

Mtu wa Endagikot akiaga kwamba anakwenda Dodoma, mara nyingi ana bahasha kwapani: vyeti, barua ya wizara, wito wa usaili. Anafika, anagongewa mhuri, anapanda basi la kurudi. Huko ni kuupunja mji mkuu wetu, maana Dodoma ni mji mzuri kutembelea na wala haumtishi mgeni.

Safari yenyewe ni nusu ya raha. Kutoka Mbulu unateremka hadi Babati, kisha unashika barabara kuu ya kusini. Kilomita zipatazo 250 kati ya Babati na Dodoma zilizinduliwa zikiwa na lami mwaka 2018. Panda basi la asubuhi, ukae dirishani uone vilima vya Bereko na Kondoa vikikuachia nchi kavu ya mibuyu. Mwenye usafiri wake asimame Kolo: ofisi ya michoro ya miambani iko hapo, nayo michoro hiyo ni Urithi wa Dunia tangu 2006. Chukua mwongoza wageni, uvae viatu vya kupandia.

Chagua majira. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti huujaza mji, gesti zikawa za kugombaniwa. Piga simu mapema. Ukitaka kuingia bungeni, beba kitambulisho na uvae nguo za heshima. Sweta lako la Mbulu usiliache nyumbani, kwani Juni na Julai upepo wa jioni hukata. Mchana ni kofia na maji, maana jua la Dodoma halina mzaha.

Stendi kuu iko Nanenane, nje kidogo ya katikati ya mji. Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita kama 17 kutoka mjini. Vyote viwili viko upande wa barabara ya Dar es Salaam, hivyo mwenye shughuli wizarani akilala upande huo anaokoa nauli na muda. Daladala ndiyo nafuu. Kwa bodaboda na bajaji, elewaneni bei kabla hujakaa.

Shughuli ikiisha, mji ndipo unapoanza. Pumzika Nyerere Square, tazama Msikiti wa Gaddafi, kisha ingia Soko la Majengo. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Machi na tena karibu Septemba. Onja kwanza ndipo ununue. Usiondoke bila kula ugali wa mtama kwa mlenda, chakula cha wenyeji. Msalimie Mgogo kwa "mbukwa", uone uso unavyofunguka. Ukisikia zeze mahali, simama: huu ndio mkoa aliozaliwa Hukwe Zawose, aliyeufikisha muziki wa Kigogo mbali duniani.

TANU iliamua kuhamishia makao makuu hapa mwaka 1973, na sheria ya kuyathibitisha ikapitishwa 2018. Hoja moja ilikuwa kwamba Dodoma ipo katikati ya nchi, wananchi wa kila upande waweze kuifikia. Sisi wa Manyara tumo miongoni mwa walio karibu zaidi. Safari ijayo, kata tiketi ya kurudi siku mbili baada ya shughuli zako, si jioni ile ile.