Chenga za Usiku

Picha nyingi ninazolipwa huwa nazipiga jua likiwa limeshazama. Ruracio ya Ruiru kwenye kadi inaanza saa nane mchana, lakini wazee wakishaingia kwenye mazungumzo, giza linawakuta hapo hapo, na ndani ya hema kuna balbu moja. Bathdei za Kamakis nazo ni moshi wa nyama choma na taa za rangi. Picha za huko huja na chenga, vile vidoti kama vya TV iliyokosa eriali.

Vijana wanaojifunza kamera hapa Thika hulaumu ISO. "Usipitishe 1600, itaharibu picha," wanaambiana. Si hivyo. Chenga nyingi hutokana na uchache wa mwanga wenyewe. Mwanga huingia kwenye kamera kama matone ya mvua. Weka sufuria mbili nje wakati wa manyunyu, dakika moja tu, uone kama zitapata matone sawa. Mvua kubwa ikinyesha, tofauti hiyo huioni tena. Kila pikseli ni sufuria. Mwanga ukiongezeka mara nne, picha inakuwa safi mara mbili. ISO yenyewe ni kama kupandisha sauti ya redio kwenye matatu wakati stesheni haishiki: wimbo unapanda, mkwaruzo nao unapanda.

Kwa hivyo natafuta mwanga kwanza. Lenzi ya f/1.8 huingiza karibu mara nne ya mwanga wa ile ya f/3.5. Shata naiweka 1/100, maana stima yetu ni ya hezi 50 na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukienda kasi zaidi ya hapo, picha inaweza kutoka na mistari. Kukiwa bado giza, napandisha ISO bila woga. Picha iliyopigwa nyeusi halafu ikaangazwa kwenye kompyuta mara nyingi hutoka mbaya zaidi.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, na chenga hupenda mahali penye giza. Enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Siku hizi programu ndiyo inayoamua kipi ni chenga na kipi ni uso, na si kila mara inajua tofauti.

Hilo nililiona tulipompoteza shosho. Picha aliyoipenda nilimpigia Kimbo, usiku ambao stima ilikuwa imepotea, akicheka mlangoni pa jikoni na taa ya sola mkononi. ISO 6400. Tulipoipeleka Thika kuchapishiwa programu ya mazishi, kijana wa duka aliipitisha kwenye kompyuta yake. "Nimewatolea chenga zote, iko safi," akasema.

Tata aliishika ile karatasi muda mrefu. "Huyu ni nani?"

Mikunjo ilikuwa imepotea. Kovu la juu ya nyusi, alilolipata akichuma kahawa, halikuwepo. Shosho wa miaka 84 alikuwa amelainishwa kama sabuni.

Niliomba kiti nikafanya mwenyewe. Chenga ziko za aina mbili. Za rangi, vile vidoti vyekundu na kijani vinavyotambaa kwenye mashavu, nilizitoa zote. Hazibebi sura ya mtu. Zile nyingine, punje za giza na mwanga, nilizigusa kidogo tu, kwa sababu mikunjo imejificha katikati yake. Kisha tukachapisha kwa ukubwa wa kiganja, maana picha ikipunguzwa pikseli jirani huchanganyika na chenga hutulia zenyewe. Kovu likarudi.

"Sasa ni yeye," Tata akasema, akaanza kulia.

Mteja akiniambia siku hizi nitoe chenga zote, namuomba aishike simu mbali kidogo, aangalie macho ya mtu wake kwanza. Wengi huniambia niache tu. Na wale vijana wa Makongeni wakiniuliza niliweka ISO ngapi, mimi nawauliza taa ilikuwa upande gani.