Mzabibu na Mgomba

Mwezi uliopita tulikuwa tukiwafundisha watoto wa darasa la sita habari za mzabibu katika Injili ya Yohana, ndipo mtoto mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, mbona sisi huku Meru hatuna mizabibu?" Swali hilo lilitufikirisha sana, wasomaji wapenzi, nasi tumeona vema kuwaandikia jinsi tulivyolijibu.

Tulimwambia kwamba mzabibu ni mmea utambaao. Hupenda jua na nchi kavu, nao huchukia unyevu mwingi, maana unyevu huleta ukungu majanini na matundani. Kwa hiyo mteremko wetu wenye mvua haukuufaa, bali hustawi Dodoma, ambako wamisionari wa Bihawana ni miongoni mwa waliotangulia kuulima. Huko mkulima hupogoa matawi, na kwa mwaka mmoja huweza kuvuna mara mbili. Na katika kisiwa cha Kipro, kwao Barnaba, watu huanika zabibu juani siku kadhaa kabla ya kuzikamua, ili maji yapungue na utamu uzidi. Divai hiyo huitwa Commandaria.

Kisha tukasema, "Lakini mgomba ndio mzabibu wetu." Watoto wakacheka, maana wote wajua jinsi mbege ipikwavyo. Ndizi mbivu humenywa, hupikwa kwa muda mrefu hata rangi yake igeuke nyekundu, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Kazi ya chachu ni moja katika zabibu na katika ndizi: hula sukari ya tunda, ikaacha kileo.

Walakini kicheko chao kilituchoma moyo. Tulipokuwa wanafunzi wa sekondari ada ilikuwa bado hulipwa, maana katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016. Ndizi za shamba letu zilipoiva pamoja na za majirani, bei ilianguka katika soko la Tengeru, wala ndizi mbivu haimngoji mnunuzi. Ndipo mama yetu alipozitia chunguni.

Likizo moja alituomba tumshikie chujio. Tulikataa. Tulikuwa tumejiunga na vijana walioapa kutokunywa pombe, tukaona haya hata kunuka harufu yake. Mama hakukasirika. Alisema tu, "Mwanangu, ada yako imo humu chunguni," akachuja peke yake.

Tena liko jambo lililo zito zaidi. Jirani yetu mmoja alikuja kunywa mbege hiyo jioni baada ya jioni, hata watoto wake wawili wakaacha shule kwa kukosa ada. Fedha aliyoiacha kwetu ndiyo iliyotununulia madaftari. Chungu kile kimoja kilitupeleka sisi shuleni, kikawatoa wale. Tumekuwa walimu miaka mingi, wala hatujaona njia ya kulisema jambo hilo likawa jepesi.

Basi hatukuwaambia watoto kwamba mbege ni njema, wala hatukumtukana aipikaye. Tuliwaambia kwamba tunda ni riziki, na kwamba mikono ya mama isidharauliwe na mtoto aliyelishwa nayo. Lakini anywaye na ahesabu kwanza madaftari ya watoto wake, ndipo ahesabu vikombe.

Jioni ile tulikwenda kwa mama yetu, tukamshukuru kwa ajili ya chungu kile, tukaomba radhi kwa ajili ya chujio. Hapiki tena siku hizi, maana moshi umemwumiza macho. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza habari za wale watoto wawili wa jirani, wako wapi sasa. Hatukuwa na jibu. Kesho yake, tulipotoka darasani, tulikwenda kuwatafuta.