Yadi ya Gerezani

Jumapili, 9 Juni 2024

Asubuhi nimeshika Barabara ya Nkrumah hadi Kamata, nikageuka na kurudi taratibu kwa upande wa reli. Siku ya Jumapili Gerezani hupumua. Malori ni machache, mafundi wa bati wamefunga vibanda, na sauti inayosikika ni ya wauza kahawa wakigonganisha vikombe. Nimesimama mahali ninapoweza kuiona yadi ya zamani. Mabehewa ya mizigo yamekaa kwenye njia zake, mengine yameliwa na kutu hadi maandishi ubavuni hayasomeki, na majani yameota katikati ya mataruma. Nyuma yake zinaonekana nguzo na nyaya za umeme za reli mpya, na jengo la stesheni lililobuniwa kwa umbo la jiwe la tanzanite.

Sisi tuliokulia hapa tuliijua yadi kwa masikio kwanza. Usiku, kichwa cha treni kilipokuwa kikipanga mabehewa, mshindo ulianzia behewa la mbele ukatembea hadi la mwisho, kisha kimya, kisha honi fupi. Hakuna aliyeshtuka. Tulishtuka usiku ambao mshindo haukusikika, maana mama alijua moja kwa moja kwamba kuna jambo huko njiani: mvua imesomba reli Kilosa, au treni imekwama bara na baba hatarudi zamu hii.

Nimenunua daftari jipya ili niyaandike haya sasa, wakati yadi ya zamani na stesheni mpya bado zinatazamana.

Ijumaa, 14 Juni

Leo treni ya umeme imeanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Kariakoo nzima hakuna habari nyingine. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000. Mama anayetuuzia chapati pale kona kaniambia, "Dada, chini ya saa mbili mtu kafika Morogoro! Mimi hizo saa mbili naziacha kwenye foleni ya Kimara." Nimefurahi naye kwa dhati. Tangu jiwe la msingi lilipowekwa Pugu, Aprili 2017, tumeishi na vumbi na mitambo na zile X nyekundu za kubomolewa kwenye kuta za nyumba zilizosogelea reli. Wapo waliohama kwa machozi. Haki yao ni kwamba treni hii iende, tena iende vizuri.

Jambo moja limenikaa kichwani mchana kutwa. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, na hii mpya ina milimita 1,435. Tofauti yao haifiki hata nusu mita, lakini inatosha kuamua kila kitu. Hakuna behewa hata moja la yadi ya zamani linaloweza kuvuka kwenda upande wa pili. Waingereza walipoichukua reli kutoka kwa Wajerumani, walirithi njia, vichwa na hata majengo ya stesheni. Safari hii hakuna kurithi. Cha zamani kitafanya kazi kwenye njia yake, au kitatunzwa, au kitauzwa chuma chakavu. Bahati nzuri njia ya zamani bado inaishi: treni za Kigoma na Mwanza zipo, na ile ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliipa jina la waziri wa wakati ule, Mwakyembe, imewasaidia wengi.

Jumatatu, 17 Juni, Idd

Baada ya swala nimekwenda kumpa Baba Mdogo mkono wa Idd. Yeye na marehemu baba waliingia reli wakiwa vijana, wakati ule shirika bado ni la Afrika Mashariki, la Wakenya na Waganda na sisi. Baba alikuwa gadi. Baba Mdogo alikuwa mkaguzi wa mabehewa, na mpaka leo anayo nyundo yake ya kazi, yenye kichwa kidogo na mpini mrefu, mpini umekuwa mweusi kwa jasho la mikono.

Nikamwomba anieleze kazi yenyewe. Akainuka na fimbo yake akanionyesha pale pale uani. Treni inapangwa. Kabla haijatoka, mkaguzi anatembea upande mmoja kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, kisha anarudi kwa upande wa pili. Kila gurudumu analigonga. Gurudumu zima linaitika kwa mlio mrefu unaotetemeka. Gurudumu lenye ufa linajibu kwa mlio mfupi, mzito, uliokufa. Akishagonga, anaweka mgongo wa kiganja karibu na kasha la mwisho wa ekseli kupima joto. Ekseli iliyokosa mafuta huchemka, na ikichemka sana huweza kukatika njiani. Kisha anatazama pini za kuungia, mabomba ya breki, milango. Usiku alifanya yote hayo kwa taa ya mkono.

"Baba Mdogo, na usiku wa mvua mlisikiaje mlio?"

"Mvua haizuii, mwanangu. Kinachozuia ni haraka. Bwana mkubwa akikuharakisha, hapo ndipo sikio linaziba."

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyatamka.

Jumatatu, 24 Juni

Kariakoo imefunga. Wafanyabiashara wamegoma kwa malalamiko ya kodi na namna wanavyokaguliwa. Mtaa wa Kongo, ambao siku nyingine huwezi kuweka mguu, leo watoto wanacheza mpira. Kimya hiki kimeniletea honi ya treni hadi chumbani, kitu nilichokuwa sijakisikia mchana kwa miaka mingi.

Migomo katika eneo hili ina historia, na reli imo ndani yake. Mwaka 1947 makuli wa bandari waligoma, na mgomo ukasafiri na reli kuelekea bara. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wenyewe, chini ya chama chao cha TRAU na katibu wake Kassanga Tumbo, walikaa siku 82 bila kazi. Mama alikuwa akitusimulia mambo ya siku zile kama alivyoyapokea kwa wakubwa zake: unga wa kukopa, jirani mwenye duka aliyevumilia madeni, wanawake waliokuwa wakipika chungu kimoja kwa nyumba tatu. Uhuru ulipopatikana mwaka uliofuata, watu wa yadi waliupokea wakijua tayari maana ya kusimama pamoja.

Lakini tarehe ya leo ina kidonda pia. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani bila breki ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Nakumbuka Stesheni siku zile, ndugu wamejaa wakisubiri majina. Baba Mdogo hakula siku mbili. Hakuwa kwenye treni ile wala hakuikagua, lakini kila mtu wa kazi ile aliichukulia kama msiba wa nyumbani kwake. Sitaki kuikumbuka yadi kana kwamba ilikuwa raha tupu. Ilikuwa kazi ya hatari, na maisha ya watu yalikuwa mikononi mwa mafundi wenye mishahara midogo, waliotembea gizani na nyundo.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nimepita Mtaa wa Kleist Sykes, ambao wazee bado wanauita Kipata. Kleist Sykes, aliyekufa mwaka 1949, alifanya kazi reli. Ndiye aliyekuwa katibu wa African Association ilipoundwa mwaka 1929, chama kilichokuja kuwa TAA, na mwaka 1954 kikazaa TANU. Napenda vijana walijue hili wanapopita mtaa huu kwenda kununua bati au misumari. Reli ilileta Gerezani watu wa kila kabila, ikawapa mshahara wa mwezi, kusoma na kuandika, na desturi ya kukutana. Wengi waliijua nchi nzima kwa majina ya stesheni kabla hawajaiona ramani.

Na vitu vilivyopita hapa! Ile meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikateremshwa bandarini kwetu na kupakiwa kwenye treni kwenda Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914. Meli nzima ilipita Dar es Salaam ndani ya mabehewa.

Jioni nimezungumza kwa simu na binamu yangu aliyeko Nairobi. Alikwenda na wanawe kwenye jumba la makumbusho ya reli la huko, lililofunguliwa mwaka 1971. Kanitumia picha za vichwa vya mvuke. Viwili ni vya aina ya Garratt, vile vikubwa vya tani zaidi ya 250 vilivyotengenezwa Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja kinaitwa Mount Gelai, kingine Mount Shengena. Gelai ni mlima wetu, karibu na Ziwa Natron. Shengena uko Upare. Kingine, kidogo kuliko hivyo, kina jina la Nyaturu, watu wa Singida. Vichwa vyenye majina yetu vimetunzwa kwa majirani, na watoto wao wanapanda ngazi zake na kushika mikono ya breki. Nawapongeza Wakenya kwa moyo wote. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na chake, lakini kumbukumbu ilikuwa ya wote, na wao wameitunzia wote.

Hapa Gerezani natamani tungekuwa na kimoja tu. Hata kichwa kidogo cha dizeli cha kupangia mabehewa kingetosha.

Alhamisi, 1 Agosti

Rais Samia amezindua rasmi safari za treni ya umeme hadi Dodoma. Barabara za karibu zilijaa tangu alfajiri. Nimewaona wasichana wa shule wamevaa sare, wanashangilia kwa vigelegele, na machozi yamenitoka. Reli hii tumeijenga sisi kwa deni letu na kodi yetu, na vijana wetu ndio wanaoiendesha. Ile ya Wajerumani ilijengwa ili kuchukua mali na askari, na babu zetu walichimba tuta kwa jembe na karai chini ya wasimamizi wenye viboko. Anayetaka kuilia ya zamani lazima alikumbuke hilo.

Ninachokililia si chuma wala enzi. Ni maarifa ya mikono. Mtu aliyejifunza kusikia ufa ndani ya gurudumu alikuwa na elimu iliyochukua miaka, na elimu ile haikuandikwa popote ninapopajua. Shirika limebadilika mara nyingi: la Afrika Mashariki, kisha TRC mwaka 1977, kisha likakodishwa kwa kampuni ya India mwaka 2007, likarudi serikalini mwaka 2011, na sasa ni TRC tena. Kila mabadiliko, makabati yanahamishwa, vitabu vya zamu vinatupwa, na wazee wanastaafishwa pamoja na wanachokijua.

Jumapili, 11 Agosti

Jana nimempeleka Baba Mdogo Morogoro kwa treni mpya. Alivaa koti lake la kazini. Treni ilipopita Pugu ikashika kasi, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akaniambia, "Haina viungo." Reli ya zamani iliungwa kwa vipande vilivyofungwa na bolti, na gurudumu lilihesabu kila kiungo. Hii imechomelewa ikawa moja. Soga, Ruvu, Ngerengere zikapita kabla hajamaliza kunisimulia habari za stesheni ya kwanza.

Kwenye kiti cha mbele yetu alikaa kijana anayesoma Chuo cha Reli Tabora. Alimwamkia Baba Mdogo, na alipoijua kazi ya mzee akageuka mzima mzima, akauliza swali baada ya swali: mlipimaje joto la ekseli bila kifaa, mlijuaje breki imeshika hadi behewa la mwisho, mlifanya nini mkiona ufa na treni inangojewa. Baba Mdogo alijibu kimoja kimoja, akigonga kwa kidole kwenye meza ya kiti kuonyesha mlio mzima na mlio mbovu. Kijana akaandika kwenye simu yake. Akasema darasani wanafundishwa vipimo vya mitambo, lakini hajawahi kukutana na mtu aliyefanya kazi hiyo kwa sikio. Tukampa namba, naye atakuja Gerezani likizo ijayo pamoja na wenzake.

Basi kazi imepata mwenyewe. Wastaafu wa reli waliobaki mtaani nitawapitia mmoja mmoja, gadi, dereva, mtu wa pointi, karani wa mizigo, nikiwauliza maswali aliyoyauliza kijana yule, tena kabla mwaka haujaisha, kwa sababu umri hausubiri. Na barua nitaandika, kwa wanaohusika na reli na kwa wanaohusika na makumbusho: yadi ya zamani iachiwe banda moja, kichwa kimoja, behewa moja la daraja la tatu, taa za mkono na nyundo, na banda hilo lifunguliwe kwa watoto wa shule za Ilala bila kiingilio. Nchi iliyoweza kujenga reli ya kasi ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kushindwa kutunza banda. Kesho nianze na jirani yetu aliyekuwa dereva. Ana miaka zaidi ya 80, na kumbukumbu zake ni bora asubuhi.