Mlipe Fundi kwa Kutafuta Shida, Si kwa Kubadilisha Spea

Wasee, leo naongea na watu wa gari za zamani. Si lazima iwe yako. Inaweza kuwa ya mathe, ya anko, ama ile ya jirani mnayoazima harusi ikifika. Gari ikiwa na umri kukuliko, kuna siku mtakwama kwa jam, mshale wa joto uanze kupanda pole pole, na kila mtu ndani anyamaze. Siku hiyo mtaambiwa mambo mengi, na mengi yataanza na bei.

Maoni yangu ni haya: sisi tunakubali haraka sana kulipia spea, lakini hatutaki kulipia akili ya fundi. Ndiyo maana unapata gari ina radieta mpya, pampu mpya, na bado inachemka.

Tuanze na feni yenyewe. Maji ya injini yanapozwa na hewa inayopita kwa radieta. Ukiwa Thika Road na barabara iko wazi, hewa inaingia yenyewe kutoka mbele, feni haina kazi kubwa. Ukikwama, hewa haisongi tena, na hapo ndipo feni ya stima inafaa kuamka. Kwa gari nyingi inawaka maji yakifika nyuzi tisini na kitu, inapoza, inazima, inangoja tena.

Sasa ongeza jambo la Nairobi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo maji ya sufuria huku huchemka kwa kama nyuzi 94, si zile 100 tulizokariri shule. Kitu kinachozuia maji ya injini yasichemke hivyo ni kulenti pamoja na presha inayoshikwa na kifuniko cha radieta. Kifuniko kikilegea na feni ikiwa imelala, mambo yanaharibika chap chap.

Gari ya mathe ni saluni ya 1999. Anauza mitumba, na hiyo gari ndiyo hubeba mzigo alfajiri. Ilipoanza kuchemka, fundi wa kwanza alifungua boneti, akaangalia kama dakika mbili, akasema, "Mathe, hii ni hedi gasketi imeenda. Panga kama 28,000 hivi."

Mathe akamwuliza, "Sasa fundi, umejuaje?"

"Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi."

Hiyo ni historia yake, lakini si jibu la swali. Na 28,000 kwetu si pesa ya kubahatisha. Hiyo ilikuwa fee ya ndugu yangu mdogo, na shule zilikuwa zinafungua wiki inayofuata.

Kuna dalili moja ambayo mathe aliiona kwa sababu ndiye anaendesha: gari ilichemka kwa jam tu. Ikipata barabara wazi, mshale unarudi chini. Hiyo peke yake inakuelekeza kwa feni. Ingekuwa inachemka hata ukikimbia, ungeanza kushuku radieta iliyoziba, themostati ama pampu ya maji. Na hedi gasketi ikiungua kawaida huja na mambo yake: moshi mweupe nyuma, maji yanapungua bila kuvuja popote, ama oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hatukuwa na hata moja.

Tukaenda kwa fundi wa waya. Akasema anataka 1,000 ya kuangalia, hata asipobadilisha kitu. Mathe alikunja uso. Nikamwambia, "Mum, huyu ndiye wa kwanza kutuambia ataangalia." Akakubali.

Huyo jamaa hakugusa spea yoyote kwanza. Aliwasha AC. Kwa gari nyingi ukiwasha AC feni inafaa kuzunguka hata injini ikiwa baridi. Kimya. Akatueleza kwamba amri ya AC na amri ya joto zinapitia njia tofauti, kwa hivyo zikikataa zote mbili, shida iko mahali zinapokutana: fiuzi, relei, mota, ama waya za mota.

Akachomoa fiuzi na kuipima kwa testa badala ya kuiangalia kwa macho. Ilikuwa sawa. Akachomoa soketi ya feni, akaipa mota moto moja kwa moja kutoka kwa betri kwa waya mbili, moja ikiwa na fiuzi yake. Feni ikazunguka kwa nguvu. Hapo tayari tulikuwa tumeokoa bei ya mota. Akatoa relei ya feni na kuweka ya honi, kwa sababu zilikuwa za aina moja kabisa. Bado kimya, na ile ya feni ikapiga honi vizuri.

Kisha akapima soketi ya feni na multimita: volti 12. Mimi nikasema basi moto unafika. Akacheka, akarudisha soketi, akapima tena feni ikiwa imeunganishwa. Upande wa moto, 12. Upande wa athi, ile waya ya kurudisha moto kwa bodi, unaofaa kusoma karibu sifuri, ulikuwa unasoma karibu 10. Ni kama sinki: bomba linatoa maji vizuri, lakini shimo la chini limeziba. Multimita inahitaji moto kidogo sana, ndiyo maana ilionyesha kila kitu kiko sawa. Mota inataka moto mwingi, na huo haukuwa na pa kupitia.

Akafuata ile waya hadi chini ya betri. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu, kichwa cha waya kimegeuka kijani. Msasa, kichwa kipya, grisi kidogo. Feni ikaamka. Jumla: 1,150.

Ingekuwa feni inazunguka kwa AC lakini inakataa kwa joto, angeenda kwa swichi ya joto. Na hapo chunga video za mtandaoni. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 90, ukiwasha ignisheni na kuchomoa soketi ya hiyo swichi, feni inafaa kuzunguka. Zilitengenezwa hivyo ili waya ikikatika, feni ifanye kazi badala ya kulala. Gari zingine ni kinyume: feni inazunguka ukiunganisha waya mbili za swichi. Jua yako ni ya aina gani kabla ya kuiga. Na usiweke vidole karibu na feni hata injini ikiwa imezimwa, maana kwa gari zingine inaweza kuwaka yenyewe. Kifuniko cha radieta nacho usikifungue kikiwa moto.

Kuna wale watakuambia, "Tuweke feni dairekti, uwe na swichi yako kwa dashibodi." Mimi nakataa. Siku moja utaisahau, ama mtu mwingine ataendesha bila kujua. Waya ikiwa nyembamba na haina fiuzi, inaweza kushika moto. Na ile shida ya kwanza bado iko pale pale. Kutoa themostati ni hadithi hiyo hiyo: injini inachelewa kupata joto na inakunywa mafuta zaidi.

Kumbuka pia hizi gari zimetoka mbali. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, kwa hivyo ya 1999 iliyokuja ikiwa imetumika imekaa hapa karibu miaka 20 kama si zaidi. Mafundi wengi wameikata waya na kuifunga tepu, na mchoro wa kampuni haukuambii walichofanya. Ni lazima mtu apime.

Lakini sitamwita yule fundi wa kwanza mwizi. Fikiria angetafuta saa nzima, apate ni bolti moja yenye kutu. Wengi wetu tungesema, "Hiyo tu?" na kumpa 200. Akibadilisha gasketi, tunalipa bila kelele kwa sababu tumeona kitu kikitoka na kingine kikiingia. Hospitali tunalipa pesa ya kumwona daktari kabla ya dawa yoyote, na hakuna anayeuliza kwa nini. Gereji tunataka utafutaji uwe wa bure, halafu tunashangaa fundi akibahatisha kwa pesa zetu.

Kwa hivyo, gari ya kwenu ikichemka, mwambie fundi mapema: nitakulipa kupima, hata kama hakuna cha kubadilisha. Halafu, kabla hujatuma pesa ya spea, muulize kwa heshima, "Umejuaje?" Fundi aliyepima atakuonyesha alichoona. Asiyepima atakuambia amefanya kazi miaka mingi. Huyo mshukuru, funga boneti, injini ikipoa utafute mwenye multimita.