Osha Chombo Kabla ya Kumpa Mwenzio



Akina mama wa parokia yetu hunilaumu mimi karani kwa kuwa nachoma karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Wasema watoto wangefanyia hesabu upande mweupe. Kweli, karatasi ni ghali. Lakini upande wa pili huenda pana habari za ndoa ya mtu, zisizopasa kusomwa njiani.

Hatari ya namna hiyo imo hata ndani ya kompyuta. Kila kompyuta ina programu kuu, iitwayo keneli, ambayo ni kama mtunza ghala: hugawia programu nyingine nafasi katika kumbukumbu ya mashine. Programu ikimaliza kazi, nafasi hurudishwa. Lakini kurudishwa si kufutwa. Maandishi ya kwanza yangalimo, mpaka yaandikwe mengine juu yake.

Mwezi wa Januari 2003, Ofir Arkin na Josh Anderson, wa kampuni ya @stake ya Marekani, walitangaza kasoro iliyoitwa EtherLeak. Katika mitandao ya Ethernet, kila kifurushi cha habari lazima kibebe baiti 46 au zaidi. Ujumbe ukiwa mfupi, pengo hujazwa, na yapasa lijazwe sifuri tupu. Programu nyingi ziongozazo kadi za mtandao hazikufanya hivyo. Zilijaza cho chote kilichobaki katika kumbukumbu, hata vipande vya ujumbe wa watu wengine. Aliyekuwa katika mtandao ule ule aliweza kuvisoma, wala hakuvunja mlango wo wote. Hakuiba, alipewa. Lawama ni ya mtoaji asiyeosha chombo.

Dawa ni rahisi kuitaja: futa kwanza, ndipo utoe. Hata hivyo makosa ya jamii hii yalizidi kuonekana kwingine. Kwa hiyo mwaka 2019 keneli ya Linux, toleo la 5.3, ilipewa uwezo wa kufuta nafasi kabla ya kuzigawa, au mara zinaporudishwa. Kufuta huko hupunguza mwendo kidogo, lakini usalama una gharama yake.

Simu nyingi tulizo nazo vijijini zaendeshwa na keneli hiyo ya Linux. Basi, simu yako ikiletewa marekebisho na watengenezaji wake, yapokee, hata yakila salio. Mara nyingi ndani yake mna dawa ya kasoro kama hizi. Na siri ya mtu ikishatoka, hairudi.